Wiki ya tatu hajaja jumuiyani: namna ya kuwaandaa waumini kwa afya ya akili

Ni Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu wa jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani wameketi uani kwa mwenzao, wengine kwenye mabenchi ya kuazima, wengine kwenye mkeka. Katibu anafungua daftari la mahudhurio na kuita majina. Anafika kwenye jina moja, kimya. Ni wiki ya tatu sasa. Mama mmoja anasema, "Yule baba tangu apunguzwe kazini hatoki ndani." Mwingine amesikia kwa mkewe kwamba halali, usiku anazunguka sebuleni mpaka jogoo anawika. Wa tatu anashusha sauti: "Labda kuna kitu amefanyiwa." Mwenyekiti anafunga mjadala kwa maneno ambayo kila aliyekulia jumuiyani anayajua: "Basi, tumweke kwenye maombi." Wanasali, wanaimba, wanatoa sadaka, wanatangaza nyumba ya wiki ijayo.

Sala hiyo ni njema, nami ninaiamini. Lakini tazama kilichopita katika zile dakika tano za daftari. Watu ishirini wamegundua kwamba mwenzao ametoweka. Wanajua anapoishi, wanajua alibadilika lini, na wanaweza kumgongea mlango bila kuonekana wambea. Hakuna zahanati yenye uwezo huo. Muuguzi humjua mgonjwa siku mgonjwa anapofika dirishani. Jumuiya humjua siku anapoacha kufika. Mafunzo ninayoyazungumzia hapa yanahusu kitu kimoja tu: baada ya "amina", nani anainuka, anakwenda wapi, na akifika anasema nini.

Jumuiya hizi hazikuundwa kwa kazi ya tiba. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, umoja wa mabaraza yao, walizipa kipaumbele katika mikutano yao ya 1973 na 1976 kwa sababu walitaka kanisa la majirani wanaojuana kwa majina. Walutheri nao wana jumuiya zao mitaani, na makanisa ya kipentekoste yana vikundi vya nyumbani. Hata hivyo kanisa si geni katika kazi ya kuwatunza wagonjwa wa akili. Juu kwenye milima ya Usambara, wilayani Korogwe, iko Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha pale makao ya watoto waliokombolewa utumwani mwaka 1896, na mwaka 1904 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Mpaka leo hospitali hiyo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na kwa miaka mingi wagonjwa wake wametibiwa kwa dawa pamoja na kazi za mikono na shamba. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma ilikuja baadaye. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba mambo ya akili ni ya serikali, na kanisa libaki na roho tu, anasahau historia ya kanisa lake mwenyewe.

Tatizo ni hesabu. Sensa ya 2022 iliikuta Tanzania na watu zaidi ya milioni 61, na madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache mno kwa umati huo, tena wengi wako mijini. Wakiongezwa mara tatu bado hawatafika kwenye ule ua wa Jumamosi asubuhi.

Kabla ya kufundisha lolote, lazima kwanza kutenganisha mambo ambayo sisi huyafunga kwenye furushi moja. Mtaani neno "mawazo" hubeba kila kitu. Aliyefiwa juzi ana mawazo, asiyelala mwezi mzima ana mawazo, na anayesikia sauti za watu wasioonekana naye wanasema alianza na mawazo. Kila mmoja kati ya hawa anahitaji kitu tofauti kutoka kwa jirani zake, na wakihudumiwa kwa namna moja, wawili kati ya watatu watakosewa.

Huzuni ya kawaida jumuiya inaijua vizuri kuliko mtaalamu yeyote. Mtu amefiwa, ameachwa, amepoteza kazi. Analia, hali, halali vizuri. Lakini akitembelewa anapata nafuu kidogo, akitaniwa na mtani wake anatabasamu, na wiki zikipita maumivu yanalegea. Huyu anahitaji watu, chakula na muda. Matanga yetu, kulala msibani, kupeana zamu za kupika, ndiyo tiba yake, na hakuna haja ya kumpa jina la ugonjwa.

Sonona ni kitu kingine. Hapa huzuni, au ile hali ya kutojali hata vitu alivyovipenda, inakaa siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na inakuja na wenzake: usingizi unakata au unazidi, chakula hakina ladha, mwili umechoka bila kazi, akili haitulii hata kwenye mistari miwili ya Zaburi, mtu anajiona mzigo na anajilaumu kwa mambo ambayo si kosa lake, na wengine wanaanza kufikiria kufa. Kwetu mara nyingi haiji ikijitaja kuwa huzuni. Inakuja kama kichwa kinachowaka moto, moyo kwenda mbio, mgongo, "mwili hauna nguvu". Mtu anapima malaria na taifodi kila mwezi, anameza dawa, hapati nafuu. Kwa wanaume wengi inajitokeza kama hasira na pombe. Kwa mama aliyejifungua inaweza kuanza ndani ya mwaka wa kwanza wa mtoto, na watu wakadhani hampendi mwanawe.

Kisha kuna magonjwa makali, kama skizofrenia na baipola, ambapo mtu anapoteza mwelekeo wa lililo kweli. Anasikia sauti, anaamini jirani anamfuatilia, anavaa makoti matatu juani. Hapa kuna jambo linalolihusu kanisa kipekee, na ninaomba kila kiongozi wa ibada alisikie. Baipola inapopanda, mgonjwa analala saa mbili na haonyeshi uchovu, anasema bila kupumua, anagawa mali, anajiona ametumwa. Akiwa mtu wa kanisa, maneno yake yatakuwa ya kanisa. Ataomba usiku kucha, atatoa unabii, atatoa kiwanja chake sadaka. Ibada inaweza kumpigia makofi kwa wiki mbili huku ugonjwa ukikomaa. Ishara ya kumtofautisha na mtu mwenye bidii ya kawaida si maneno anayosema. Tazama usingizi wake, fedha zake, na kama watu wa nyumbani kwake bado wanamtambua. Mkewe akisema "huyu siye mume wangu ninayemjua," sikilizeni mke.

Na akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hasa akiwa na homa, hapo haijalishi anasema nini: ni hospitali siku hiyo hiyo. Malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, maambukizi ya ubongo, pombe iliyoachwa ghafla na mlevi wa miaka mingi, vyote vinaweza kumfanya mtu aongee ovyo na kupigana, na vyote vinaua. Wapo waliokesha wakiombewa watolewe pepo ilhali walichohitaji ni dripu. Kifafa nacho kimeonewa vivyo hivyo, wakati dawa zake zipo na nyingine ni za bei nafuu.

Sasa, je, mtu asiye na cheti cha udaktari anaweza kweli kumsaidia mwenye sonona? Jibu la kuaminika zaidi limetoka Harare, Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, binti kijana aliyejiua kwa sababu familia ilikosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, akaanza na bibi 14, wanawake wazee wa kujitolea, na mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Bibi hawakuambiwa waseme "depresheni", jina la kitaalamu la sonona. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Mazungumzo yana hatua tatu: kufungua akili, kuinua, kuimarisha. Mgonjwa anataja matatizo yake yote, anachagua moja, na bibi anamsaidia kutafuta hatua ndogo anayoweza kuichukua wiki hii. Anakuja tena na kueleza ilikwendaje. Baadaye anaunganishwa na kikundi cha wenzake wanaoshona mifuko huku wakizungumza.

Utafiti wake ulitolewa mwaka 2016, kwenye zahanati 24 na watu 573. Baada ya miezi sita, kati ya waliopata huduma ya kawaida, takriban nusu walikuwa bado na dalili za sonona. Kati ya walioketi na wahudumu wale, walikuwa 14 hivi kwa kila 100. Shirika la Afya Duniani nalo lina mpango wa vikao vitano unaoendeshwa na watu wa kawaida waliofundishwa. Ulijaribiwa pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, kupitia wahudumu wa afya wa jamii, na matokeo ya 2017 yalionyesha ulipunguza mateso yao.

Kwa hiyo inawezekana. Lakini wale bibi walifundishwa, walifuata utaratibu, na walikuwa na mtu wa kumwuliza walipokwama. Moyo mwema peke yake haukuwafikisha pale.

Mafunzo yenyewe yanafananaje? Nitaeleza zoezi moja tu, kwa sababu ndilo linalofungua macho kuliko mihadhara yote. Weka viti viwili, visitazamane uso kwa uso bali vielekee upande kidogo, kama watu wanaota jua. Mmoja azungumze dakika nne kuhusu jambo lililomsumbua wiki hii, si zito sana. Mwingine asikilize. Haruhusiwi kushauri, haruhusiwi kutaja mstari wa Biblia, haruhusiwi kusimulia yaliyompata yeye. Anaweza kuitikia, kunyamaza, au kurudia kwa maneno yake alichosikia: "Kumbe kilichokuuma zaidi ni kwamba hakukuambia." Katika mazoezi niliyokaa, wengi huvunja sharti kabla ya dakika ya pili. Wazee wa kanisa huvunja mapema zaidi, maana wamezoea kuombwa neno. Mama mmoja alimaliza zoezi akaniambia hajawahi kusikilizwa dakika nne mfululizo tangu aolewe. Alikuwa na wajukuu.

Ndipo tunaorodhesha ubaoni maneno tuliyozoea kusema. "Mshukuru Mungu, kuna wenye shida kuliko wewe." "Jikaze, wewe ni mwanaume." "Shetani anakujaribu kwa sababu imani imepungua." Yote yanasemwa kwa upendo. Lakini kumbuka kwamba kujilaumu ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Mwenye sonona usiku kucha amekuwa akijiambia kwamba imani yake ni bure na kwamba Mungu amemchoka. Ukija asubuhi na kumwambia imani imepungua, umemthibitishia alichokuwa anakiogopa, tena kwa sauti ya kanisa. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya mafunzo haya ni kuacha. Tunaacha kuharakisha, tunaacha kuhukumu, tunaacha kutangaza. Yale ya kuongeza ni machache.

Watu wa kanisa wakihisi kwamba wanafundishwa saikolojia ya kigeni hufunga masikio, na nadhani wana haki ya kuuliza jambo hilo linasimama wapi katika Maandiko. Mimi huwapeleka kwenye kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya ametoka kushinda vita kubwa ya imani, na sasa amelala jangwani chini ya mti akiomba afe. Malaika anafanya nini? Anamgusa, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, anampa chakula tena, na kumwambia kwamba safari ni ndefu kwake. Swali la "unafanya nini hapa?" linakuja baadaye sana, mlimani, baada ya siku 40. Nabii hakuambiwa imani yake imepungua. Soma sura hiyo taratibu na kikundi cha akina mama, kisha uwaulize wangempelekea nini yule baba asiyelala. Huanza kutaja uji, maziwa, na nani akae na watoto mkewe apumzike.

Kisha siri. Hapa ndipo jumuiya zetu huumiza zaidi, na huumiza kwa kupitia sala. Mama anamweleza mwenzake kwamba binti yake amejaribu kujidhuru. Jumamosi mwenzake, kwa nia safi, anasema, "Tuwaombee wenzetu wenye watoto wanaopitia magumu, hasa mama fulani." Kabla ya saa sita mchana habari iko kwenye kundi la WhatsApp la kigango. Tangu siku hiyo mama yule hatamwambia mtu yeyote chochote, na binti atajua kwamba kanisani si mahali pa kusemea. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haizungumzi. Kanuni tunayofundisha ni fupi: omba ruhusa kabla ya kutaja. "Ungependa nikutaje kwenye maombi, au nikuombee mwenyewe nyumbani?" Mchungaji naye asiligeuze jambo la mtu kuwa mfano wa mahubiri, hata kama hataji jina, mtaa mdogo hautafuti jina, unalijua.

Kanuni hiyo ina mpaka mmoja, na mpaka huo husemwa mwanzoni, si siku ya dharura: "Utakayoniambia yatabaki kwangu, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini. Hapo itabidi tumshirikishe mtu wa tatu, na nitakuambia kwanza."

Hilo linatufikisha kwenye kujiua, neno ambalo vikundi vingi huomba tuliruke. Halirukwi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na karibu robo tatu yao ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hofu kubwa ya wasaidizi ni kwamba wakiuliza watampandikizia mtu wazo. Tafiti hazikuona hivyo. Mtu mwenye mawazo hayo mara nyingi hupumua anapoulizwa waziwazi, kwa sababu hatimaye hayabebi peke yake. Kwa hiyo tunafanya mazoezi ya kulitamka, kila mmoja kwa zamu, mpaka ulimi uzoee: "Baba, watu wakiumia hivi wakati mwingine hufikia kutamani kufa. Wewe umefikia hapo? Umewahi kufikiria kujiua?" Usiseme "hufikirii mambo ya kipumbavu, eti?" Swali hilo limeshajijibu, naye atakuitikia tu.

Akisema ndiyo, haachwi peke yake siku hiyo. Mmoja anabaki naye, mwingine anatafuta usafiri wa kwenda hospitali, na nyumba inaangaliwa: viuatilifu vya shamba, sumu ya panya, dawa za mifugo, vidonge vilivyorundikana, vyote vinahamishwa kwa jirani. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua vilishuka kwa takriban asilimia 70 ndani ya miaka 20. Msukumo wa kufa mara nyingi hupanda na kushuka kwa muda mfupi, na kama sumu haiko karibu wakati umepanda, mtu huyo anaweza kuwa hai kesho.

Sheria inatatiza. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 kinachofanana na hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Palipo na sheria kama hiyo, familia hudanganya hospitalini: "alikunywa kwa bahati mbaya." Matokeo yake mgonjwa anasafishwa tumbo, anaruhusiwa, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Msaidizi wa jumuiya aliyefuatana nao anaweza kumvuta muuguzi kando na kumweleza ukweli, ili ndugu huyu asirudi nyumbani bila kuonana na mtu wa afya ya akili.

Na mazishi. Wapo bado wanaoamini kwamba aliyejiua hazikwi na kanisa. Kwa Wakatoliki, sheria ya kanisa ya 1917 ilikuwa na katazo hilo. Ile ya 1983 ikaliondoa. Katekisimu, namba 2282 na 2283, inasema kwamba maradhi mazito ya nafsi na uchungu mkubwa hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Paroko akilisema hilo mara moja tu kwa sauti, siku isiyo na msiba, atakuwa amewapumzisha wajane wengi walioketi kimya nyuma.

Kuhusu sala na dawa, mabishano ni makali kuliko yanavyostahili. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti kwenye kambi ya maombi nchini Ghana, kwa wagonjwa 139. Wote waliendelea na maombi. Nusu walipewa pia dawa. Baada ya wiki sita waliopata dawa walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Jambo la kusikitisha ni kwamba kufungwa minyororo kwa wagonjwa hakukupungua kwa tofauti ya maana. Dawa peke yake haikubadilisha mazoea ya watu waliowafunga. Miaka miwili baadaye, utafiti mwingine wa Nigeria na Ghana, wenye wagonjwa 307, uliwakutanisha waponyaji wa jadi na wa kidini na wahudumu wa zahanati wakishirikiana juu ya mgonjwa yule yule. Wagonjwa wao walipona zaidi kuliko waliohudumiwa bila ushirikiano huo. Hakuna aliyelazimika kuacha imani yake ili apone.

Kwa hiyo msimamo unaofundishwa ni wazi. Kuombewa, ndiyo. Kuambiwa utupe dawa ili uthibitishe imani, hapana kabisa. Dawa za akili zikiachwa ghafla ugonjwa hurudi, mara nyingine kwa ukali kuliko mwanzo. Kufunga mtu kwa kamba au mnyororo, hapana, hata kwa usiku mmoja. Na kuhusu mfungo: mgonjwa anayetumia dawa aulize kliniki kwanza. Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, akikosa maji ya kutosha, dawa inaweza kuzidi mwilini hadi kuwa sumu. Mchungaji anayemwambia muumini wa namna hiyo, "mfungo wako mwaka huu ni kumeza dawa kwa wakati," amefanya kazi ya uchungaji kamili.

Nimeona mafunzo mengi yakifa, na hufa kwa namna ile ile. Semina ya siku moja ukumbini, chai na vitumbua, picha ya pamoja, vyeti, basi. Miezi mitatu baadaye hakuna aliyemtembelea mtu. Kinachokosekana ni mtu wa kurudi kwake. Kabla ya semina kuitishwa, mwandalizi aende zahanati na hospitali ya wilaya aulize: kliniki ya afya ya akili ni siku gani, inapokea nani, dawa zipi zipo dirishani, usiku wa dharura tumpigie nani. Muuguzi wa hapo akikubali kukutana na wasaidizi mara moja kwa mwezi, hata chini ya mwembe, mradi umepona. Asipopatikana, afadhali kusubiri kuliko kufundisha watu kuibua vidonda wasivyoweza kuvifunga.

Namna ya kuwachagua wasaidizi nayo ina maana. Usichukue viongozi kwa sababu ni viongozi. Ita watu wa jumuiya mmoja mmoja na uwaulize: ukipatwa na jambo zito usiku, ungegonga mlango wa nani? Majina mawili au matatu yatajirudia, na mara nyingi hayamo kwenye kamati. Hao ndio wa kufundishwa. Waende wawili wawili, mwanamume asimtembelee mwanamke peke yake, wasikope wala kukopesha wanaowahudumia, na wawe na haki ya kusema "nimechoka, nipumzisheni mwezi huu." Anayebeba siri za watu wanane naye anahitaji kata yake.

Turudi kwa yule baba. Wawili wamekwenda, jioni, bila kundi na bila gitaa. Mdogo kati yao ameamkia, "Shikamoo baba," na mwenye nyumba ameitikia marahaba bila kuinua uso. Wakakaa. Mkubwa akasema, "Tumekukosa wiki tatu. Hatukuja na ajenda, tumekuja kukaa." Kimya kilikuwa kirefu. Aliposema, alianza na mgongo. Ziara ya pili akasema usingizi. Ya tatu, aliulizwa lile swali, akasema ndiyo, si leo, lakini ndiyo. Asubuhi yake walikuwa naye kwenye foleni ya kliniki, nauli ikitoka kwenye mfuko wa jumuiya chini ya maneno "msaada kwa mgonjwa", bila jina.

Ameandikiwa dawa. Ameambiwa, nao wamesikia pamoja naye, kwamba nafuu huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi kuanza kuonekana, wakati kinywa kikavu na kizunguzungu huja mapema. Wiki ya pili, kwa hiyo, ndiyo ambayo wengi huziacha. Jumanne ya wiki hiyo yule mdogo amepita tena na ndizi mbili tatu kwenye mfuko. Wamekaa nje. Vidonge vimehesabiwa mezani, vimezidi kwa vinne. Hakugomba. Amemwuliza, "Vinakufanyaje ukivimeza?" na ameandika jibu kwenye karatasi, ili wakirudi kliniki wamsomee muuguzi neno kwa neno.